Gofu ya Pwani: Pesa ya Safari Isilale Kwenye Simu ya Mtu Mmoja

Kila mwaka ikifika Oktoba hivi, swali moja huanza kutufikia kutoka Kitengela, Isinya na Kajiado mjini. Linakuja kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: tuko kumi na wawili, tunataka kwenda Pwani kucheza gofu mwezi wa pili, sasa pesa tutume kwa nani?

Jibu letu ni fupi na huwa haliwafurahishi watu. Msitume kwa mtu.

Tunajua mnafikiria nini. Kampuni ya malipo kwa simu inawaambia watu wasitumiane pesa? Ni kama muuza mkaa akikataza moto. Lakini tumekaa na wateja wa huku kwa muda, tumesikia malalamiko yao na kuona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya salio la simu, na msimamo wetu sasa umekuwa mgumu. Wacha tueleze.

Kwanza, ni akina nani hawa wanaocheza gofu Kitengela? Zamani gofu ilikuwa ya wazungu, halafu ikawa ya wakubwa wa serikali. Siku hizi ukienda uwanjani Machakos au Nairobi asubuhi ya Jumamosi utamkuta muuza vifaa vya ujenzi wa Kitengela, meneja wa kiwanda kule EPZ Athi River, mwalimu mkuu mstaafu, na mfanyabiashara wa mifugo aliyeanza kushika fimbo akiwa na miaka arobaini na tano. Hata ndani ya kaunti yetu, kule Magadi kando ya ziwa la chumvi, kuna uwanja wa gofu wenye historia yake. Ni joto na vumbi, lakini mpira unaingia shimoni kama kwingine.

Watu hawa wakishacheza mwaka mmoja au miwili, wanaanza kuota bahari. Na hapo ndipo hesabu zinapoanza.

Tuanze na ndoto ya mbali, kwa sababu kuna mtu katika kila kundi ambaye atatuma video ya Falsterbo. Huu ni uwanja wa Uswidi, kwenye ncha ya kusini magharibi ya nchi, mchanga na nyasi fupi na mnara wa taa za meli, na upepo unaotoka baharini bila mti wa kuuzuia. Ulianza mwaka 1909. Denmark wana Fanø, kwenye kisiwa cha Bahari ya Kaskazini, wa mwaka 1901. Ni viwanja vya mtindo wa kale wa Uskoti: ardhi ya kichanga kati ya ufuo na mashamba, ambayo haikufaa kulimwa, watu wakaona bora wapige mpira. Ardhi ni ngumu, mpira ukitua unabingirika mbali, na upepo ndio adui mkubwa kuliko bunka.

Ni pazuri, hatukatai. Ila kama unapanga kwenda, jua kwamba visa ya Schengen peke yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, na kwamba pesa yako ya simu ya Kenya haitakusaidia sana ukifika. Waswidi wana huduma yao ya simu inaitwa Swish, tangu 2012. Wadenishi wana MobilePay, na Wanorwe wana Vipps. Sehemu nyingi za Uswidi hata hazipokei noti. Sasa, ili ujiunge na Swish unahitaji akaunti ya benki ya kule na namba ya kitambulisho cha kule. Mgeni wa Kitengela hana. Utategemea kadi: ya benki yako, au kadi ya mtandaoni ya Visa ambayo wateja wa M-Pesa wanaweza kuifungua tangu 2022. Na kila ukilipa, shilingi inabadilishwa kuwa krona kwa bei ambayo hukuichagua wewe. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua tikiti ya ndege, si baada.

Kwa wengi wetu, hesabu hiyo ikipigwa, Falsterbo inarudi kuwa video. Na si hasara. Miaka miwili tu baada ya Waswidi kuanza Falsterbo, mwaka 1911, klabu ya gofu ilianzishwa Mombasa. Bado ipo. Iko juu ya miamba ya matumbawe upande wa Likoni, karibu na bustani ya Mama Ngina, na ukiwa unalenga shimo unaona meli zikiingia Kilindini. Ni uwanja wa mashimo tisa tu, na wapo wanaoudharau kwa sababu hiyo. Sisi tunaona ni kosa. Kama unatafuta gofu ya bahari ya kizamani katika nchi hii, ya upepo na chumvi usoni, anzia hapo.

Halafu kuna Nyali, mashimo kumi na nane katikati ya nyumba za watu wenye pesa. Kuna Leisure Lodge kule Diani, kati ya mibuyu na msitu, ambako tumbili wana maoni yao kuhusu ndizi zako. Na kuna Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi, juu ya kilima kinachotazama bahari, ambako Desemba 2019 mashindano ya Magical Kenya Ladies Open ya ziara ya wanawake wa Ulaya yalifanyika kwa mara ya kwanza, na Mjerumani Esther Henseleit akashinda. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba gofu ya maana iko ng'ambo, mwambie wa ng'ambo wenyewe wanakuja Kilifi.

Kuhusu wakati wa kwenda, waulizeni watu wa Pwani wenyewe, ambao kalenda yao ni ya upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi: joto, bahari imetulia, mvua chache. Aprili na Mei ni masika, na kuna siku uwanja unageuka bwawa. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kusi, hali ya hewa ni nzuri ya kutembea lakini upepo ni mkali na unasukuma mpira wako hadi kwa jirani. Wenye kupenda gofu ya kizamani kweli kweli huenda wakati wa kusi. Wenye kupenda alama nzuri kwenye kadi huenda Februari. Kundi letu la Kitengela huchagua Februari kila mara, na hatuwalaumu.

Sasa pesa.

Tutawasimulia kisa cha kundi moja la huku, bila majina. Walikuwa kumi na wawili. Septemba walikubaliana kila mmoja atoe 35,000, kwa awamu tatu, hadi Desemba: malazi ya siku nne, ada za viwanja viwili, gari la kuzunguka nalo, na chakula cha usiku wa mwisho. Kumi na wawili mara 35,000 ni 420,000. Wakamchagua mweka hazina, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mwaminifu kabisa, mzee wa kanisa. Wakaandika namba yake kwenye kundi la WhatsApp na kuanza kutuma.

Usiku wa kwanza watu wawili walituma 12,000 kila mmoja. Kumbe mzee alikuwa na deni la Fuliza la 8,600. Wanaojua Fuliza wanajua inavyofanya kazi: pesa yoyote ikiingia kwenye simu yako, deni linajilipa lenyewe kwanza. Haliulizi ni pesa ya nani. Kwa hiyo kati ya zile 24,000, 8,600 zilimezwa kabla hajasoma ujumbe wa pili. Hakuiba. Hata hakubonyeza kitu. Lakini kuanzia dakika hiyo alikuwa na deni kwa kundi, na aliona aibu kusema. Akajiambia atazirudisha mwisho wa mwezi. Kimya kile cha kwanza ndicho tunachokiona kuwa mwanzo wa yote yaliyofuata.

Novemba, kwenye simu kulikuwa na karibu laki tatu. Kiangazi kilikuwa kimekaza Kajiado, na kiangazi kikikaza kila mtu anataka kuuza kabla ng'ombe hawajakonda. Bei sokoni zikaanguka. Mtu anayejua ng'ombe, mwenye laki tatu mfukoni, anaona madume ya bei hiyo... Alinunua sita. Mpango ulikuwa mzuri: awanenepeshe kidogo, awauze Nairobi wiki ya Krismasi, arudishe pesa ya kundi pamoja na zile 8,600, na abaki na faida. Kisha ukaja ugonjwa wa miguu na midomo, karantini ikatangazwa, na ng'ombe hawakuruhusiwa kusafirishwa.

Ng'ombe walikuwepo. Wazima, wanakula nyasi Isinya. Pesa ndiyo haikuwepo, na hoteli ilitaka arubuni kufikia Januari 10.

Alipowaambia wenzake, wawili walitaka kwenda polisi. Mmoja, ambaye ni shemeji yake, aliacha kuongea naye kwa miezi mitano. Safari ya Februari ilikufa. Pesa ilirudi yote, tuseme wazi, ng'ombe walipouzwa hatimaye. Lakini mkiuliza leo nini kilipotea hawatawaambia ni pesa.

Tunakirudia kisa hiki kwa sababu watu wakisikia usalama wa pesa kwenye simu wanafikiria wakora wa mbali, yule wa "ile pesa tuma kwa hii namba". Wapo, na tutafika kwao. Lakini malalamiko ya makundi yanayotufikia mara nyingi hayana mkora ndani yake. Yana mtu mzuri aliyepewa mzigo ambao simu ya mtu binafsi haikuumbwa kuubeba.

Angalieni yanayoweza kutokea hata bila ng'ombe. Kikomo cha pesa inayoweza kukaa kwenye akaunti ya M-Pesa ni 500,000 tangu Agosti 2023. Mweka hazina mwenye 420,000 ya kundi amebakiwa na nafasi ya 80,000 tu kwa maisha yake yote, mshahara, biashara, kila kitu. Mteja wake akitaka kumlipa laki moja, inakataa. Simu ikiibwa kwenye matatu ya kutoka Athi River, ni safari ya watu kumi na wawili imeibwa. Akilazwa hospitalini, nani ana PIN? Na Mungu apishie mbali, akifariki, pesa iliyo kwenye laini yake ni mali yake mbele ya sheria. Familia itafuata taratibu za urithi, na nyinyi mtasimama kwenye foleni na picha za WhatsApp mkijaribu kueleza habari za gofu kwa wafiwa. Tena kuna jambo dogo ambalo wanaume hawapendi kulisema: mke akiona salio la laki nne kwenye simu ya mume ambaye juzi alisema hana karo, hapo nyumbani patakuwa na mkutano.

Kwa hiyo tunasema kila mtu alipe chake, na alipe moja kwa moja kwa anayeuza.

Treni tayari inawafundisha kufanya hivyo. Tikiti ya SGR inakatwa kwa kitambulisho cha msafiri na inalipwa kwa simu. Tangu Januari 2024 ni 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza kutoka Nairobi hadi Mombasa. Hakuna haja ya mtu mmoja kuwakatia kumi na wawili. Watu wa Kitengela wana bahati hata zaidi, kwani treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani hupita Athi River. Kila mtu akate yake, atume picha ya tikiti kwenye kundi, basi. Mkishuka Miritini na mnaelekea Diani, barabara ya Dongo Kundu inawaepusha na feri.

Hoteli na viwanja vinaweza kufanya vivyo hivyo, ila lazima muombe. Pingamizi tunalolisikia kila mara ni kwamba kundi likilipa kwa pamoja linapunguziwa bei, kwa hiyo lazima pesa zikusanywe. Si lazima. Bei ya kundi inatokana na ankara moja. Haihitaji mlipaji mmoja. Mwambieni mtu wa hoteli awape ankara moja yenye namba yake ya kumbukumbu, kisha kila mmoja alipe kwenye Paybill ya hoteli, na pale panapoulizwa namba ya akaunti aandike ile namba ya kumbukumbu. Pesa zote kumi na mbili zitaingia upande mmoja, kila moja na jina la aliyelipa. Kama hoteli inasema haiwezi, uliza kwa nini. Mara nyingi ukiuliza mara ya pili wanaweza.

Hii ina faida nyingine ambayo makundi hugundua baadaye. Mtu akikwama, na lazima mmoja atakwama, inaonekana wazi kwamba ni yeye tu hajalipa. Kwenye simu ya mweka hazina, deni la mmoja linakuwa deni la wote, na mweka hazina anakuwa askari wa kudai. Hapa hoteli inamwambia mwenyewe.

Vitu vya pamoja kabisa, kama gari na ile nyama ya usiku wa mwisho, ndivyo pekee vinavyohitaji kapu. Kapu hilo likae kwenye akaunti ya benki au ya sako iliyofunguliwa kwa jina la kundi, yenye watia saini watatu, mnachangia kwa Paybill ya benki. Kufungua kunachosha, tunajua: kumbukumbu za mkutano, nakala za vitambulisho, foleni. Kama safari ni ya mara moja na kapu ni dogo, elfu tatu tatu hivi, basi sawa, litumwe kwa mtu, wiki ya safari yenyewe na si miezi minne kabla. Na mtu huyo asiwe na deni la kujikata. Mwulizeni. Ni swali la aibu la sekunde tano.

Mkiwa na kiasi kikubwa cha kulipa kwa mkupuo, tuwe wakweli kinyume na maslahi yetu: tumieni benki. Kutuma kwa M-Pesa mara moja kuna mwisho, 250,000. Kugawa malipo vipande vipande kunaongeza ada na kunaongeza nafasi ya kukosea. Simu ni nzuri kwa mtu kulipa chake. Haijawa mahali pa kuweka hazina ya watu wengi.

Sasa wale wakora.

Mtu wa Kitengela hanunui ploti kwa picha. Mji huu umeona shamba moja likiuzwa kwa watu wanne, kwa hiyo hata kijana wa miaka ishirini anajua kwenda ofisi ya ardhi kupekua hati kabla ya kutoa arubuni. Lakini mtu huyo huyo anaonyeshwa picha za nyumba ya Diani yenye bwawa, na dalali wa mtandaoni anayesema wengine wanaitaka na ni leo leo, na anatuma elfu arobaini kwa namba binafsi kabla ya chai ya saa nne. Hatuelewi. Au tunaelewa: ploti ni kazi, likizo ni furaha, na mtu akiwa na furaha hapekui.

Pekueni. Hoteli na nyumba za wageni zinazofanya biashara kihalali huwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, omba namba yake. Piga simu ya mapokezi uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na dalali. Kisha ukifika kulipa, kabla ya kukubali, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama unalipia hoteli na jina linalotokea ni la mtu binafsi, acha. Dalali atakuwa na maelezo: Paybill ina shida leo, huyo ni mhasibu wetu, huyo ni binti ya mwenye nyumba. Acha tu. Hoteli yenye vitanda arobaini haikosi Paybill wiki nzima.

Ukishatuma kimakosa, kasi ndiyo kila kitu. Kwa M-Pesa unapeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kuomba urudishiwe. Ikiwa pesa bado iko kwa aliyepokea, kuna tumaini. Ikiwa ameshatoa kwa wakala, tumaini linapungua sana, na wakora hutoa kwa dakika chache. Namba za wakora zenyewe zipeleke kwa 333, kisha polisi. Na kama laini yako ni ya Safaricom, piga *100*100# leo, kabla hata ya kufikiria safari, ili mtu asiweze kubadilisha laini yako kwa simu akiwa mbali. Mweka hazina yeyote ambaye hajafanya hivyo asipewe hata mia tano.

Jambo moja la upande wa pili, kwa wanaopokea. Picha ya ujumbe wa malipo kwenye WhatsApp si malipo. Ujumbe wa kughushi unatengenezwa kwa dakika mbili, na wakati mwingine unakuja kutoka namba ya kawaida ukiwa umeandikwa sawasawa na ule halisi. Angalia salio lako, au muulize mtu wa hoteli aangalie kwenye mfumo wake. Tumeona kundi likifika langoni na picha kumi na mbili, na mapokezi wana malipo kumi. Hao wawili si lazima wawe waongo, huenda walikosea tarakimu moja, lakini saa mbili za kujua zilipoenda walizikosa uwanjani.

Tumebakisha makedi, wale wanaokubebea mfuko na kukuonyesha upepo unaelekea wapi. Hapa tuna maoni makali kidogo. Wageni wengi humlipa kedi mwisho wa raundi wakiwa na haraka, wanatuma kiasi walichokubaliana bila ya kutolea. Kwako ni shilingi chache. Kwake, anayelipwa kwa siku na ana siku nyingi bila mgeni, ni nauli ya kurudi nyumbani Likoni au Vipingo. Tuma na ya kutoa. Na tuma kwake yeye mwenyewe, si kwa mmoja wao akawagawie wenzake, kwa sababu zote tulizokwisha kusema kuhusu simu ya mtu mmoja. Makedi wengine wana Pochi la Biashara, ambayo inawatenganishia pesa ya kazi na pesa ya nyumbani. Muulize ni namba gani anapenda. Mkiwa wanne, mlipeni kila mmoja kedi wake pale pale kwenye shimo la mwisho, msome jina kwa sauti. Majina ya kwenye laini hayafanani na yale mnayoitana uwanjani, na yule mliyemwita Kaptein siku nzima anaweza kuwa amesajiliwa kwa jina la mama yake.

Lile kundi la Kitengela lilisafiri mwishowe, Oktoba ya mwaka uliofuata, watu kumi badala ya kumi na wawili. Kila mmoja alijilipia. Walicheza Mombasa siku ya kwanza na Diani siku ya tatu, wakala samaki wengi kuliko walivyopanga. Shemeji alikuwepo. Mfanyabiashara wa ng'ombe pia alikuwepo, na safari hii hakushika pesa ya mtu. Walimpa kazi ya kupanga nani atacheza na nani, na asubuhi ya kwanza akajiweka kundi moja na shemeji yake.